Sura ya 4: Gari Lako Linataka Petroli Gani?

Umeingia kituo cha mafuta, umezima gari, na mhudumu ameshaliendea tangi. "Bosi, tuweke ya kawaida au ile nzuri?" Pampu ya kwanza ina bei uliyoizoea. Ya pili imezidi kwa shilingi kadhaa kila lita, ina jina lake la kibiashara na rangi zake. Nyuma yako kuna foleni, na hujui useme nini.

Ndilo swali ambalo wenye magari huuliza kila siku: je, ile ya bei ya juu italipa gari langu nguvu? Itapunguza ulaji wa mafuta? Itaifanya injini idumu? Kwa magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, jibu ni hapana. Kwa machache jibu ni ndiyo, na kwa hayo machache si anasa, ni sharti. Ukishajua gari lako liko kundi gani, hutahitaji tena ushauri wa mtu yeyote pale kwenye pampu.

Namba ile inapima nini

Petroli hutofautishwa kwa namba inayoitwa oktani: 91, 93, 95, 98. Watu wengi huisoma kama alama za mtihani, kwamba mwenye 98 kamshinda mwenye 91. Sivyo. Oktani hupima jambo moja tu, nalo ni kiasi gani petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kabla haijajiwasha yenyewe. Haipimi nguvu. Haipimi usafi. Lita ya 91 na lita ya 98 zina nishati inayokaribiana sana, na ukiziweka katika injini ileile ya kawaida hutaona tofauti barabarani.

Kipimo chenyewe kilizaliwa Marekani mwaka 1926, pale mwanakemia Graham Edgar alipotafuta namna ya kulinganisha petroli zilizokuwa zikiuzwa wakati ule bila mpangilio. Alichagua vimiminika viwili. Cha kwanza, isooktani, kinastahimili sana kubanwa, akakipa 100. Cha pili, heptani, hujiwasha upesi mno, akakipa 0. Heptani ya awali ilipatikana kwa kukeneka utomvu wa aina fulani ya msonobari wa magharibi ya Marekani. Petroli yoyote ikiwekwa kwenye injini ya majaribio na kuonekana inafanana kwa tabia na mchanganyiko wa isooktani asilimia 91 na heptani asilimia 9, basi inaitwa petroli ya 91. Haina maana kwamba ndani yake mna asilimia 91 ya kitu kiitwacho oktani. Ni ulinganisho wa tabia tu, na ndiyo maana zipo petroli zinazozidi hata 100.

Kinachotokea ndani ya silinda

Chukua injini ya lita 2 yenye silinda nne. Kila silinda huvuta takriban sentimita za ujazo 500 za hewa iliyochanganyika na petroli. Pistoni inapopanda, mchanganyiko huo hubanwa mpaka ubaki katika nafasi ya kama sentimita za ujazo 56. Mafundi na watengenezaji huita hali hiyo uwiano wa mgandamizo, yaani ukubwa wa nafasi kabla ya kubana ukilinganishwa na baada ya kubana. Kwa injini hii, zile 500 pamoja na 56 za nafasi ya juu, ukizigawa kwa 56, unapata karibu 10 kwa 1.

Hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ameligusa joto hilo chini ya pampu. Ndani ya silinda joto ni kubwa zaidi, na pistoni inapokaribia juu kabisa, plagi hutoa cheche. Moto huanzia pale kwenye plagi na kusambaa kuelekea pembezoni, ukiisukuma pistoni chini kwa mpangilio. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, msukumo mzima wa kushuka huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde, na kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde.

Sasa, wakati moto unasambaa, ile petroli iliyobaki pembezoni inazidi kubanwa na kupashwa joto na moto wenyewe. Ikiwa oktani yake inatosha, itangoja mpaka moto uifikie. Ikiwa haitoshi, itajilipukia yenyewe kabla ya zamu yake. Mshindo wake hugonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, na ndiko kunakoitwa kugonga kwa injini.

Sauti yake ni nyembamba, kavu, ya chuma, ti-ti-ti-ti, na huja injini inapoelemewa. Mahali pazuri pa kuisikia ni mlima Kitonga, kwenye njia ya kwenda Iringa: gari lina watu watano na mizigo, gia iko juu kuliko inavyofaa, dereva amekanyaga mafuta hadi chini, na mwendo hauongezeki. Akipunguza mguu kidogo au kushusha gia, sauti inapotea. Usiichanganye na mlio mzito unaotoka chini ya injini na kusikika hata gari likiwa limesimama. Huo mara nyingi ni wa beringi za konrodi zilizokwisha, na hakuna petroli itakayoutibu.

Kugonga kwa dakika moja mlimani hakuui injini. Kugonga kwa miezi kunaiua. Kingo za pistoni hulika, gasketi ya silinda hedi huungua, plagi hupasuka kauri yake. Magari mengi ya miaka hii yana sensa ndogo iliyofungwa kwenye bloku ya injini ambayo husikiliza mtetemo huo. Ikiusikia, kompyuta ya gari huchelewesha cheche kidogo, na kugonga hukoma. Injini imeokoka, lakini nguvu imepungua na ulaji umeongezeka, kwa sababu cheche imetoka nje ya wakati wake bora.

Hapo ndipo petroli ya oktani kubwa inapopata kazi yake. Injini iliyoundwa kubana sana, au yenye turbo inayoisukumia hewa zaidi, inaihitaji ili cheche ibaki mahali pake. Injini isiyobana kiasi hicho ilikuwa imetulia tangu mwanzo, na ustahimilivu wa ziada unaoulipia hautumiki popote.

Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio ya magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida kwa kuyajaza ya daraja la juu. Hakikuona faida ya maana katika nguvu, ulaji wala moshi, na kikakadiria kwamba Wamarekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka mmoja kwa kununua petroli ambayo magari yao hayakuihitaji. Mwaka uliofuata kilijaribu magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza petroli ya juu bila kuilazimisha. Hayo yalipata nafuu ndogo: kwa wastani asilimia 2.7 katika ulaji wa mafuta na asilimia 1.4 katika nguvu.

Mizani mbili zinazochanganya watu

Kabla hujaenda kutafuta namba ya gari lako, jua kwamba dunia haitumii mizani moja. Japani, Ulaya, nchi za Ghuba na kwetu Afrika Mashariki tunatumia RON, inayopatikana kwa injini ya majaribio ikizunguka polepole, mara 600 kwa dakika. Ipo ya pili, MON, inayopimwa kwa mzunguko wa 900 na mchanganyiko wa moto zaidi, nayo hutoa namba ndogo. Marekani na Kanada huchukua RON na MON, huzijumlisha na kugawa kwa mbili. Matokeo yake huitwa AKI, na ndiyo yanayoandikwa kwenye pampu za huko.

Kwa hiyo 87 ya Marekani ni sawa na karibu RON 91 au 92. 91 yao ni karibu RON 95 au 96. 93 yao ni karibu RON 98. Mtu aliyeleta gari kutoka Marekani, akasoma kwenye kitabu chake kwamba linataka 91, akaridhika na petroli ya RON 91, amelinyima gari haki yake. Na aliyesoma 87 akaogopa kwamba petroli hiyo haipatikani tena Mombasa, ameogopa bure.

Aliyeleta gari kutoka Ghuba hana tatizo hilo, kwani mizani ni yetu. Omani huuza M91 na M95. Falme za Kiarabu zina E-Plus 91, Special 95 na Super 98. Gari la Ulaya huandikwa RON 95 mara nyingi, na baadhi huongeza 91 kama kima cha chini kabisa. Ukiona alama ya duara yenye E5 au E10 kwenye gari la Ulaya, hiyo si oktani. Ni kiasi cha juu cha ethanoli, yaani spiriti ya mimea, ambacho gari hilo linaruhusu kwenye petroli: asilimia 5 au 10.

Fungua kijilango cha tangi

Jibu la gari lako limeandikwa na aliyelitengeneza, na mara nyingi limebandikwa upande wa ndani wa kijilango cha tangi. Tatizo letu ni kwamba sehemu kubwa ya magari yetu yalitoka Japani yakiwa yametumika, na stika imeandikwa Kijapani. Watu wengi hukifungua kijilango miaka nenda rudi bila kujua kwamba stika inazungumza nao.

Basi tazama kwa makini. Stika nyingi huanza na herufi hizi mbili: 無鉛. Maana yake ni "isiyo na risasi", na zipo kwenye stika za madaraja yote mawili, kwa hiyo hazikuambii unachotafuta. Kinachofuata ndicho muhimu:

- レギュラー ni petroli ya kawaida.
- プレミアム au ハイオク ni petroli ya oktani ya juu.

Kama macho hayakusaidii, piga picha kwa simu na utumie programu ya tafsiri. Itakuchukua nusu dakika.

Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue RON 89, na ya juu isipungue RON 96. Kwa hiyo gari lenye neno レギュラー limeundwa kuridhika na petroli ya chini kiasi, na petroli ya kawaida inayokidhi kiwango katika vituo vya Kenya na Tanzania inalitosha. Humu wamo Vitz, Passo, IST, Raum, Probox, Wish, Nissan March na Note za kawaida, yaani magari ambayo ukisimama Ubungo au Thika Road utayahesabu mpaka uchoke. Mwenye Passo anayejaza petroli ya bei ya juu kila wiki ananunua kitu ambacho injini yake haina namna ya kukitumia.

Tuweke hesabu. Tuseme tofauti ni shilingi 15 za Kenya kwa lita, unajaza lita 40, mara nne kwa mwezi. Ni shilingi 2,400 kwa mwezi, 28,800 kwa mwaka. Fedha hiyo ingenunua oili nzuri, chujio la hewa, chujio la oili na plagi mpya, na hivyo vinne vingelisaidia gari kwa namna utakayoihisi.

Kundi la pili ni dogo, lakini lina magari yanayopendwa na vijana. Subaru Impreza WRX, Legacy GT na Forester zenye turbo zinataka petroli ya juu. Toyota Altezza RS200 vilevile. Volkswagen Golf zenye injini za TSI zinataka RON 95. Hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika, maana umbo la nje hudanganya. Forester mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kusimama bega kwa bega, moja haina turbo na inaridhika na petroli ya kawaida, nyingine ina tundu la hewa juu ya boneti na turbo chini yake, na stika yake inasema プレミアム. Mark X nazo ni hivyohivyo: ile ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.5 inatumia ya kawaida, ya lita 3.5 inataka ya juu. Usimuulize jirani mwenye gari la jina moja na lako. Fungua kijilango chako.

Wala usijaribu kukisia kwa kusoma uwiano wa mgandamizo peke yake. Altezza RS200 ya gia za mkono ina 11.5 kwa 1 na inataka petroli ya juu. Toyota Aqua ina 13.4 kwa 1 na inaridhika na ya kawaida, kwa sababu valvu zake za kuingizia hewa huchelewa kufunga, na sehemu ya hewa hurudishwa kabla ya kubanwa kweli. Mazda nayo iliuza injini zake za SkyActiv kwa uwiano wa 14 kwa 1 Ulaya na 13 kwa 1 Marekani, ikizingatia petroli iliyopo kila soko. Mhandisi ameshapiga hesabu zote hizo. Wewe soma jibu lake.

Kama stika imebanduka au gari limepigwa rangi upya, tafuta kibati cha maelezo chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango, chukua namba ya modeli na ya injini, kisha tafuta kitabu cha gari hilo mtandaoni. Na mwenye gari la dizeli, Hilux au Land Cruiser, sura hii haimhusu kabisa. Dizeli hupimwa kwa setani, ambayo ni kinyume cha oktani: inapima jinsi mafuta yanavyojiwasha kwa urahisi, kwa kuwa injini ya dizeli haina plagi ya cheche na hutegemea mafuta yajiwashe.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Namba iliyo kwenye gari ni kima cha chini. Kuzidisha hakudhuru injini, hudhuru mfuko.
- Ikiandikwa kwamba petroli ya juu ni lazima, usishuke. Ikiandikwa inapendekezwa, unaweza kushuka na ukakubali kupoteza nguvu kidogo.
- Ukikwama mahali pasipo na petroli ya juu na gari lako linaitaka, jaza kidogo ya kukufikisha, endesha taratibu, usikanyage sana ukiwa gia kubwa, na usivute mzigo.
- Lita 20 za RON 91 zikichanganywa na lita 20 za RON 95 hutoa takriban RON 93. Kuchanganya madaraja si kosa.

Jina la petroli si oktani yake

Rudi kwa mhudumu na "ile nzuri" yake. Petroli yenye jina la kibiashara inaweza kuwa na vitu viwili tofauti: oktani kubwa zaidi, au dawa za kusafishia nozeli na valvu, au vyote viwili. Dawa za kusafisha zina faida ya kweli kwa injini yenye uchafu, lakini hazina uhusiano na oktani. Neno "super" nalo halikuambii kitu. Kenya, petroli ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya nchi hiyo, hutangazia bei kila mwezi huitwa super, na ndiyo hiyo ya kawaida inayonunuliwa na kila mtu.

Uliza swali moja: "Hii ni RON ngapi?" Kama namba haikuandikwa kwenye pampu na mhudumu hajui, mwombe msimamizi. Ni haki yako kujua unachokilipia, hasa ukiwa na gari linalohitaji 95 au zaidi. Nadhani namba hiyo ingepaswa kuandikwa kwenye kila pampu, kwa herufi kubwa kama bei, na ninatamani mamlaka zetu zilisimamie jambo hili.

Pwani na milimani

Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kanieneo yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Silinda huvuta hewa pungufu, mgandamizo unapungua, na mahitaji ya oktani yanashuka. Afrika Kusini wamelifanya hili kuwa utaratibu: petroli ya 93 huuzwa maeneo ya bara yenye mwinuko kama Johannesburg, na 95 pwani. Majimbo ya milima ya Marekani huuza hata 85 kwa mizani yao.

Kwa msafiri wetu maana yake ni hii. Gari lililokuwa kimya Mbeya linaweza kuanza kugonga likifika Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto likiwa kali na hewa ikiwa nzito, ingawa petroli ni ileile. Gari lenye turbo halipati msamaha huo wa mlimani, kwa kuwa turbo hufidia hewa iliyopungua.

Petroli ni sahihi, lakini gari linagonga

Vitz au IST ikigonga kwa petroli ya kawaida, wengi hukimbilia ya bei ya juu, sauti inapungua, wanadhani wametibu. Wameuficha ugonjwa. Gari lililoundwa kwa RON 89 halipaswi kugonga, na likigonga kuna kitu kimeharibika. Mwambie fundi aangalie kwa mpangilio huu, kwa sababu vya juu ni rahisi na vya chini ni ghali:

1. Joto la injini: maji ya rejeta, thermostati, feni.
2. Plagi: je, ni za namba iliyoelekezwa? Plagi ya joto lisilofaa hugeuka kaa linalowasha petroli kabla ya wakati.
3. Nozeli na pampu ya mafuta: petroli ikiwa kidogo kuliko hewa, mwako huwa wa moto zaidi.
4. Sensa ya kugonga na waya wake.
5. Masizi ndani ya silinda. Gari la miaka 15 linalozungushwa mjini kwa safari fupi hujenga tabaka la masizi juu ya pistoni. Tabaka hilo hupunguza nafasi, huongeza mgandamizo, na kuhifadhi joto.

Kabla ya yote hayo, jiulize ulijaza wapi mara ya mwisho.

Mafuta yaliyochakachuliwa

Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno. Kiasi kidogo kikiingia kwenye petroli kinatosha kuishusha chini ya mahitaji ya magari mengi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo ili yawafikie wenye kipato cha chini, na tofauti hiyo ya bei ikawa kishawishi kwa wachakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, yaani kemikali ya utambulisho inayowawezesha wakaguzi kugundua mafuta yaliyochanganywa au yaliyokwepeshwa kodi. Kisha ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Kenya ilifuata mkondo huo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Uchakachuaji ulibanwa, na anayepikia jiko la mafuta ya taa ndiye aliyebeba gharama.

Dalili ni injini kugonga ghafla mara tu baada ya kujaza, kuwaka kwa shida asubuhi, moshi na plagi nyeusi. Dai risiti kila unapojaza na uitunze mpaka tangi liishe. Bila risiti, malalamiko yako kwa mamlaka, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, hayana pa kusimama.

Chupa za kuongeza oktani

Maduka ya vipuri huuza chupa ndogo zinazoahidi kuongeza oktani. Soma vizuri. Chupa ikisema inaongeza "pointi 30", mara nyingi pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya oktani, kwa hiyo petroli ya 91 itakuwa 94, wala si 121. Pointi 5 ni nusu ya oktani. Nyingi hutumia misombo ya manganizi au chuma, ambayo ikizidi hupaka plagi rangi nyekundu ya kutu na kuharibu sensa ya oksijeni. Ikiwa gari lako linataka petroli ya juu na ipo mjini, inunue kwenye pampu. Utapata ongezeko la uhakika kwa bei ndogo zaidi.

Wapo wanaotia naftalini kwenye tangi. Usifanye hivyo. Vidonge vingi vya siku hizi si naftalini halisi. Vina klorini, na vikiungua hutoa asidi inayokula chuma. Petroli ya ndege ndogo nayo ina oktani kubwa kweli, lakini ile iliyozoeleka, 100LL, ina risasi, na risasi huziba kichuja-moshi cha gari moja kwa moja.

Bodaboda na magari ya zamani

Pikipiki za bodaboda zina injini ndogo zilizotengenezwa kwa masoko ya petroli ya kawaida, na hiyo inazitosha. Jenereta ndogo pia. Kinachowaumiza waendesha bodaboda ni petroli ya chupani kando ya barabara, iliyokaa juani siku nyingi mpaka sehemu yake nyepesi ikaruka. Pikipiki hugoma kuwaka asubuhi, na lawama huenda kwa plagi.

Magari ya zamani yana habari yao. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba risasi kidogo kwenye petroli huzuia kugonga. Ilikuwa njia rahisi ya kupandisha oktani, na dunia nzima ikavuta moshi wa sumu kwa miongo mingi, watoto wakiumia akili zaidi ya wengine. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, mwaka 2021.

Mwenye Land Rover Series III ya petroli asiogope. Injini yake hubana 8 kwa 1 au chini ya hapo, na petroli ya leo inazidi mahitaji yake. La kuangalia ni viti vya valvu, ambavyo katika baadhi ya injini za zamani vilikuwa vikilindwa na risasi. Ukikarabati silinda hedi, mwambie fundi aweke viti vigumu.

Na gari la namna hii likigonga, halina kompyuta ya kulisaidia, lakini lina distribyuta inayozungushika kwa mkono. Fundi hulegeza nati inayoishika, huisogeza kidogo sana kufuata upande ambao rota inazungukia, hukaza, kisha mnalipeleka mlimani likiwa na mzigo. Likigonga bado, anasogeza tena. Likiwa zito na injini inapata moto kuliko kawaida, amezidisha na arudishe nusu. Pale kugonga kunapokoma tu, akaze na apige alama ya rangi kati ya distribyuta na bloku, ili fundi atakayefuata ajue ilipokuwa.